Naomba ushauri: paa la Ford ya 1932 limenishinda

Wakuu, habari za leo. Natengeneza kigari cha mfano cha hotirodi (gari la zamani lililofanyiwa marekebisho liende kasi), Ford ya 1932, kipimo cha 1:25, kila kitu kwa mkono. Gari halisi lina inchi 106 kutoka ekseli hadi ekseli, changu kimetoka milimita 108 hivi. Injini ya V8 (silinda nane) iko safi, mabomba ya ekzosi ni waya wa shaba.

Shida ni paa. Nimepunguza nguzo zinazoshika paa milimita 3 ili likae chini, kumbe nguzo za mbele zimelala nyuma kidogo, sasa hazikutani na paa. Nikajaza puti nene, nikapiga msasa, asubuhi imepasuka! Je, nipasue paa vipande vinne nilirefushe, au nilaze nguzo zaidi? Msinicheke, kisu ninachotumia ni cha jikoni na mwenyewe ameanza kukiulizia.