Mjadala: Basi la kupanda Timboroa, silinda sita za mstari au nne?

Mleta hoja, Nakuru

Bodi za shule na idara za kaunti hununua magari kwa karo za wazazi na kodi ya wananchi, na kamati huvutana kila mara juu ya injini. Hoja yangu ni hii: gari la abiria wengi litakalopita Salgaa, Mau Summit na Timboroa, miinuko ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, liwe na silinda sita za mstari, yaani zilizopangwa safu moja.

Chukueni Isuzu. Injini ya 4HK1 ya lori la FRR, yenye silinda nne, na 6HK1 ya malori ya FVR na FVZ, yenye sita, zina silinda za upana mmoja, milimita 115, na pistoni husafiri milimita 125 kwa zote mbili. Kwa hiyo ya kwanza ni lita 5.2 na ya pili 7.8, tofauti ikiwa idadi tu. Ya silinda nne huwaka kila kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka nyuzi 180. Ya silinda sita kila nyuzi 120. Msukumo wa pistoni huisha vali ya moshi inapofunguka, takriban nyuzi 130 baada ya pistoni kuanza kushuka. Ya silinda nne basi hukaa kama nyuzi 50 bila msukumo wowote, tena mara mbili katika kila mzunguko. Ya silinda sita haina pengo hilo. Anayelijaza ni flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, na wanaoumia ni klachi, giaboksi na maunti zinazoshikilia injini.

Mhasibu wa shule, Kakamega

Ndugu, mimi nahesabu risiti. Injini ya sita ikifunguliwa inataka pistoni sita, laina sita, seti sita za ringi, injekta sita na beringi kuu saba badala ya tano. Spea zinapanda kwa nusu kabla fundi hajagusa spana. Safari zetu nyingi ni Kakamega, Mumias, Busia, na hakuna mlima wa kutajwa humo. Kwa nini mzazi wa Butere alipie mlima wa Timboroa?

Mkufunzi wa mekanika, Nakuru

Mhasibu ana haki kuhusu bei, ila kuna jambo la mtetemo ambalo risiti haionyeshi mapema. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, hulala upande kranki inapozunguka, kwa hiyo pistoni husafiri zaidi ya nusu ya safari yake katika nyuzi 90 za kwanza, na chini ya nusu katika 90 zinazofuata. Kwenye injini ya nne, pistoni mbili zilizo juu na mbili zilizo chini hazilingani mwendo, na tofauti hiyo hupiga bloku mara mbili kila mzunguko. Kwa mizunguko 700 kwa dakika, gari likisimama, hiyo ni mipigo 1,400. Kwenye sita za mstari pistoni hupangwa mbili mbili kwa nyuzi 120, mbele na nyuma zikiwa kama kitu na kivuli chake, na nguvu hizo zinafutana zote. V6, yaani sita zilizopangwa safu mbili kwa umbo la V, haina bahati hiyo: ncha zake mbili hutikisika kama mtumbwi usipoongezewa shafti ya kusawazisha au vizani.

Fundi wa injini, Kibuye, Kisumu

Mwalimu, sifa hizo ni za kweli, lakini urefu una deni lake. Kranki ndefu hujisokota. Ndiyo maana pulei ya mbele ina pete nzito iliyoshikwa na mpira. Mpira ukichoka injini bado inawaka vizuri na dereva hasikii kitu, hadi kranki ikatike. Kabla ya kununua sita iliyotumika, piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha pulei hadi pete ya nje, endesha kwa siku chache, kisha tazama. Mstari ukikatika na kuachana, pete imeteleza, badilisha pulei.

Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini chenye vali, nayo ni ndefu. Maji yakipungua, hupinda. Hapa ndipo pesa za shule hupotea: hedi hupelekwa kukwanguliwa kwenye mashine yenye meza fupi, igeuzwe na kumaliziwa upande wa pili, na katikati inabaki ngazi ndogo isiyoonekana kwa macho. Gasketi mpya inaungua tena mwezi ule ule. Tena hedi yenye kamushafti (shafti inayofungua vali) juu ikipinda, njia ya kamushafti imepinda pia, na kukwangua uso wa chini hakunyooshi juu. Funga kamushafti bila vali, ukaze vifuniko, uizungushe kwa mkono. Ikikaza mahali, hedi hiyo inyooshwe kwanza au iachwe.

Na tafadhali acheni kutoa themostati, ile vali inayoongoza maji ya kupoza injini! Kwenye injini nyingi inafunga pia njia ya maji ya kurudi bila kupita rediweta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani tu, na mlimani gari linachemka kuliko awali.

Dereva wa masafa, Mau Summit

Mnazungumza kupanda tu. Salgaa inaua kwa kushuka. Breki ya ekzosi hufunga njia ya moshi, na pistoni zinabaki kusukuma hewa iliyobanwa. Lita nyingi, kizuizi kikubwa. 7.8 juu ya 5.2 ni mara moja na nusu.

Mhasibu wa shule, Kakamega

Mara moja na nusu, ndiyo, lakini FRR ni chasi ya tani 10 hadi 11 ikijaa, na FVR ni ya 15 na zaidi. Gawanya lita kwa tani, utapata karibu nusu lita kwa kila tani kote kuwili. Faida iko wapi?

Mleta hoja, Nakuru

Hesabu hiyo ni ya lori lililojaa mchanga. Wanafunzi 60 wa kilo 60 kila mmoja ni tani 3.6. Basi lililojengwa juu ya FVR haliufikii uzito wa mwisho wa chasi, kwa hiyo lita kwa tani zinaongezeka. Hiyo ndiyo akiba ninayoitaka pale Salgaa.

Mfuatiliaji wa magari ya kaunti, Kericho

Ongezeni ambulensi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ni sita za mstari, lita 4.2, bila turbo ya kusukumia hewa, na inasifiwa kijiji hadi kijiji. Lakini inatoa takriban kilowati 96 usawa wa bahari. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, ambako hewa imepungua kwa karibu robo. Mnabaki na kama 72. 1GD, injini nyingine ya Toyota ya silinda nne, lita 2.8, inatoa kilowati 150 na turbo yake hufidia hewa. Mgonjwa hajali idadi ya silinda.

Fundi wa injini, Kibuye, Kisumu

Kweli, Mama, kwa kasi 1GD inashinda. Ila ile inasukuma dizeli kwa zaidi ya baa 2,000, na tone la maji likipita kwenye chujio, injekta zimekwenda. Mwageni maji ya chujio kila wiki. 1HZ nayo isiachwe kwa sifa: pampu yake hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila. Beliti ya taiming ibadilishwe kila kilomita 100,000. Ikikatika, vali na pistoni zinagongana. Na msiifunge turbo ya mtaani, hedi hupasuka.

Mkufunzi wa mekanika, Nakuru

Tazameni watengenezaji wenyewe. Actros za zamani zilizojaa barabara ya Malaba zilikuwa na OM501, V6 ya lita 12. Mercedes-Benz iliiacha, na tangu 2011 Actros ikaja na OM471, sita za mstari, lita 12.8. Kwenye magari madogo pia walirudi na M256 mwaka 2017, baada ya miaka ishirini hivi ya V6: hedi moja, turbo upande mmoja, na vipuri vinavyoshirikiana na injini zao za nne. Toyota ilikwenda njia nyingine, Mark II yenye 1JZ, sita za mstari, ikaipisha Mark X ya V6 mwaka 2004, na mimi naona tulipoteza.

Mhasibu wa shule, Kakamega

Nimesogea, lakini si kote. Shule za Kano, Mumias na Busia zinunue za nne. Za Molo, Londiani na Timboroa zinunue sita, kwa sharti kwamba tapeti, yaani nafasi ndogo za vali, zipimwe kwa ratiba. Fundi, tuandikie utaratibu wa 6HK1 tuubandike karakana.

Fundi wa injini, Kibuye, Kisumu

Injini iwe baridi, fila (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.40. Silinda ya 1 ikiwa juu kwenye mbano, pima vali zote za 1, za hewa za 2 na 4, na za moshi za 3 na 5. Zungusha kranki mara moja kamili, kisha pima za moshi za 2 na 4, za hewa za 3 na 5, na zote za 6. Kila vali iandikwe kipimo ilichokutwa nacho kabla ya kurekebishwa.