Naomba ushauri: kupata njia kamili ya faili kutoka deskripta ya saraka kwenye C

Wakuu, nina programu ya C inayotembea ndani ya saraka kwa openat() na fstatat(). Mpaka hapo mambo ni shwari. Shida ni maktaba moja ninayoitumia: haipokei deskripta (namba ambayo mfumo hutoa kwa faili au saraka iliyofunguliwa), inataka njia kamili kama maandishi. Mimi mkononi nina dirfd (deskripta ya saraka) na jina la faili tu.

Kwenye Linux nasoma /proc/self/fd/N kwa readlink(). Inafanya kazi, ila haiweki sifuri ya mwisho, ile baiti inayoonyesha maandishi yameishia wapi kwenye C (nilihangaika siku nzima kabla ya kuligundua hilo), na saraka ikiwa imefutwa inanirudishia njia yenye " (deleted)" mkiani. Tena /proc isipopachikwa, sina kitu. Kwenye macOS natumia fcntl() na F_GETPATH. Tayari msimbo wa programu umejaa #ifdef (masharti ya kuchagua msimbo wa kila mfumo) hadi unachosha kusoma.

Njia pekee ya POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix) ninayoiona ni kufungua "." kwanza, kisha fchdir(dirfd) ya kuhamia humo, getcwd() ya kuuliza njia yake, halafu fchdir() ya kurudi. Lakini saraka ya kazi ni ya mchakato mzima, na programu yangu ina thredi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya mchakato mmoja). Nikifunga kwa mutex (kufuli ya kuzuia thredi zisiingiliane), thredi ya maktaba isiyoijua mutex yangu bado itafungua faili mahali pasipo pake.

Nimefikiria kufanya fork(), yaani kuunda mchakato mtoto, ili mtoto ndiye ahame na kunitumia jibu kwa paipu. Naona ni mzigo mkubwa kwa kila saraka. Au nitunze tu njia tangu mwanzo, nikijua mtu akibadilisha jina la saraka katikati imekula kwangu?

Waliopita hapa, mlifanyaje?