Kikundi cha familia: gari inatetemeka ikiwa sailensi (imewashwa, haijakanyagwa mafuta)

*Jumamosi*

Kitindamimba: Shikamooni nyote. Jamani gari yangu imepata ugonjwa. Nikisimama kwenye taa inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. Nikikanyaga mafuta inatulia kabisa.

Kitindamimba: 🎤 0:14

Mama: Marahaba mwanangu. Nimesikiliza nikadhani umenitumia sauti ya mashine ya kusaga.

Mjomba: Marahaba. Hizo ni plagi. Badilisha zote nne, usijisumbue.

Kitindamimba: Mjomba, si ulishaniambia juzi nikabadilisha 😂 Iko vile vile.

Mjomba: Basi koili.

Kaka Fundi: Shikamoo Mjomba. Kabla ya koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, acha nimhoji mgonjwa. Mdogo wangu, taa ya injini imewaka? Imetulia au inapepesa?

Kitindamimba: Imewaka tu, haipepesi.

Kaka Fundi: Afadhali. Ikipepesa ujue inamisi vibaya, petroli inatoka haijaungua inaenda kuua masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hapo unapaki. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unasoma ngapi mashine ikishapata moto?

Kitindamimba: Hautulii. 500, mara 900, unarudi 600.

Kaka Fundi: Gari nyingi hukaa mahali pamoja kati ya 600 na 900. Kile kidude cha kusomea makosa bado unacho?

Kitindamimba: Ninacho. Kinasema P0171.

Mjomba: Hiyo ndiyo koili?

Kaka Fundi: Hapana Mjomba. Koili au plagi ingetupa P0301, P0302, namba ya mwisho ikitaja silinda. Na hapo huna haja ya kununua kitu: unahamisha koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu. Kosa likihama likawa P0303, koili ndiyo mbovu. P0171 ni hewa nyingi, petroli kidogo.

Mama: Kwa hiyo ina njaa au imejaa upepo?

Kaka Fundi: Ndicho ninachotaka kujua Mama 😄 Kitinda, kwenye hicho kidude tafuta STFT na LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kwa muda mfupi na kwa muda mrefu. Soma ikiwa sailensi, halafu shikilia 2500 usome tena.

Kitindamimba: Sailensi: +9 na +17. Kwenye 2500: +2 na +5.

Kaka Fundi: Imejitaja yenyewe. Ikiwa sailensi kompyuta inaongeza petroli kama robo nzima kufidia hewa isiyoijua. Ukikanyaga, nyongeza inashuka. Ingekuwa pampu au filta ya mafuta, nyongeza ingepanda mashine inapotaka petroli nyingi. Mama, imejaa upepo. Kuna mahali panavuta hewa baada ya sensa ya kupimia hewa.

Kitindamimba: Mbona nikikanyaga inatulia?

Kaka Fundi: Ikiwa sailensi, throtali (mlango wa hewa ya injini) imefungwa karibu yote, mvuto ndani ni mkali na hewa inayohitajika ni kidogo. Kitundu kama cha penseli kinaharibu hesabu. Throtali ikifunguka, hewa halali ni nyingi mno, ile ya wizi haionekani.

Mjomba: Apulize kabureta klina kwenye mipira ya hewa. Sauti ikibadilika amepata.

Kaka Fundi: Ni kweli Mjomba, ila ile kitu inashika moto, na ekzosi iko hapo hapo. Atumie chupa ya kunyunyizia maji, kidogo kidogo, mbali na koili na soketi. Gari iwe nje, gia P, hendibreki juu. Nywele funga, mikono mbali na feni na mikanda.

Kitindamimba: Nimenyunyizia kila mpira. Nimeloa mimi tu.

Kaka Fundi: Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine itembeze nyuma ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Sikiliza mluzi.

Mama: Mwanangu amekuwa daktari.

Kitindamimba: JAMANI

Kitindamimba: Kuna mpira mfupi wenye kona, unatoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda manifoldi. Kwa juu ni mzima kabisa. Nimepitisha kidole kwa chini kikanyonywa, na mashine IMETULIA. Nikitoa kidole, ngoma inaanza tena.

Kitindamimba: 📷 Nimezima nikauchomoa. Usipoukunja huoni kitu. Ukiukunja unafunua mdomo.

Kaka Fundi: Mpira wa PCV, wa kupumulia injini. Unapitisha mvuke wa oili miaka yote, unavimba, unalainika, halafu unapasuka tumboni pasipoonekana. Maji yako yalikuwa yanapita juu.

Mjomba: Zungushia tepu.

Kaka Fundi: Oili na moto vitaibandua kabla ya jioni. Ungepasuka nchani ungekata kidogo ukaurudisha, ila huu umepasuka konani. Nunua wenye kona yake. Mpira wa kawaida ukiulazimisha kukunja utajibana na kuziba. Valvu yake itoe uitikise: ikigonga ndani ina uhai, ikinyamaza badilisha.

*Jumanne*

Kitindamimba: Nimefunga mpira mpya na valvu (ya zamani ilinyamaza). Nimefuta kosa. Mshale 720, hausogei. STFT +1, LTFT +3.

Kaka Fundi: Safi sana. Tembea nayo siku chache usome tena.

Mjomba: Na throtali isafishwe.

Kaka Fundi: Ikiwa na masizi, sawa. Ila ya umeme isisukumwe kwa kidole.

Kitindamimba: Kitu kimoja. Nikiweka D nikashika breki, usukani unatetemeka kidogo. Mshale umetulia lakini.

Kaka Fundi: Mshale ukitulia na bodi ikatetemeka, tazama mauntini, vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini. Huo ni ugonjwa mwingine.

Mjomba: Nilitaka kusema mauntini.

Mama: Kaka yangu, kwanza mtoto alipwe plagi zake.

Mjomba: Plagi mpya hazijawahi kudhuru gari.

Kitindamimba: Zile za zamani ninazo Mjomba. Hata hazijachakaa 😂