Guatemala kwa bajeti ndogo: Antigua hadi ziwa Atitlán

Swali: Wakuu, nataka kutoka Antigua hadi Panajachel, mji ulio kando ya ziwa Atitlán, kwa mabasi ya wananchi, siyo ya watalii. Nabadilishia wapi? Na msosi wa bei nafuu?

Jibu 1: Antigua panda nyuma ya soko hadi Chimaltenango. Hapo, barabara kuu, chukua la kwenda Xela (ndiyo Quetzaltenango), ushuke njia panda ya Los Encuentros. Hapo badilisha, panda la Sololá, halafu la Panajachel. Ni mabasi ya shule ya Marekani yaliyopakwa rangi upya. Kiti cha watoto wawili kinabeba watu wazima watatu. Begi kubwa linapanda juu kwenye keria, pasipoti na hela zibaki mwilini. Konda hukusanya nauli gari likienda, hivyo shika noti za quetzal 5 na 10. Ukitoa ya 100 chenji itakuwa kesi. Ondoka asubuhi, jioni mabasi hupungua.

Jibu 2: Na boti za kwenda vijiji vya kando ya ziwa ziwahi asubuhi. Mchana upepo wa Xocomil huamka, ziwa linachafuka, na wanaokaa mbele ndio wanaorushwa. Kaa nyuma. Msosi: tafuta comedor, mama ntilie wa kule, uombe chakula cha siku.

Jibu 3: Anayetokea Kenya au Uganda abebe cheti cha homa ya manjano, kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Halafu zile siku 90 za kukaa kama mtalii ni za Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua kwa pamoja. Kuvuka kwenda Honduras hakuanzishi hesabu upya, wengi hunaswa hapo.