Naomba ushauri: wasifu wa Jajja, niseme yote?

Habari zenu ndugu. Tulimzika Jajja, yaani bibi yangu, huku Mukono, Uganda, na mwezi ujao ni olumbe, ile shughuli ya Waganda ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi. Mimi mjukuu nimepewa dakika 10 nisome wasifu wake kwa Kiswahili, maana wakwe zetu wanatoka Kenya.

Jajja alilelewa na walokole, watu wa uamsho ule ulioingia Uganda kutoka Rwanda miaka ya 1930. Jumapili alivaa gomesi nyeupe, lile vazi la wanawake wa Kiganda, mshipi umekazwa, na sadaka kaifunga kwenye pembe ya leso tangu Jumamosi usiku. Ukimwomba hela ya mandazi, leso ile haifunguliwi ng'o! Kila tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, alikwenda kuhiji Namugongo kwa miguu, hata magoti yalipoanza kumsumbua.

Lakini ndiye aliyemfukuza mama yangu alipopata mimba yangu kabla ya ndoa. Miaka 2 baadaye alimfuata mwenyewe, akatoa ushuhuda kanisani akilia, akaomba radhi mbele ya watu wote. Kwangu mimi hapo ndipo ulokole wake ulipoonekana. Wajomba wanasema nikilitaja hilo nitamvua nguo marehemu. Mama anasema niamue mwenyewe (ndivyo alivyo, hasemi).

Waliowahi kusoma wasifu wa mzazi, mlifanyaje? Nalo la pombe: wajomba wanataka tonto, ile pombe ya ndizi, na Jajja hakuiruhusu uani kwake kamwe. Nani mwenye kauli hapo, mrithi au sisi wajukuu?