Nilikuwa mlenga shabaha wa kombania, leo bastola inanishinda mita 15. Wastaafu wenzangu naombeni ushauri

SajiniMstaafu_Nkuhungu:

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, na jambo hili leo ni usiku wa nne linaninyima usingizi. Naomba mnisome hadi mwisho.

Nina miaka 58. Nilistaafu jeshi miaka saba iliyopita nikiwa Sajini Taji. Silaha yangu maisha yote ilikuwa SMG (bunduki ya aina ya AK-47), na kwenye renji, uwanja wa kulenga shabaha, jina langu lilijulikana. Nikilala kifudifudi mita 100, risasi tano zinakaa pahala unapoweza kupafunika kwa kiganja. Mara mbili nilichaguliwa kukiwakilisha kikosi kwenye mashindano ya shabaha. Bastola niliishika mara chache sana, na nyingi ya hizo nilikuwa naisafisha tu.

Baada ya kustaafu nililima mpunga Bahi. Mwaka huu kampuni moja ya ulinzi ikanichukua kusindikiza fedha. Tuko watatu: dereva, kijana mmoja mwenye shotigani, na mimi. Mimi nikapewa bastola, "afande wewe una uzoefu". Nikaipokea bila kusema neno, na hapo nakiri nilikosea.

Wiki iliyopita tukapelekwa renji kupimwa. Risasi kumi, mita 15, karatasi yenye umbo la mtu. Zangu tatu tu ndizo ziligusa karatasi, zote chini kushoto, usawa wa nyonga. Saba zilikwenda kwenye tuta. Yule kijana, ambaye mafunzo yake ni ya mgambo tu, aliingiza nane. Mkufunzi hakunifokea. Aliikunja karatasi yangu mara mbili akanipa mkononi. Ninayo hapa mezani ninapoandika.

Aibu nimeshaimeza. Kinachonitesa ni hiki: juzi tulishusha fedha jirani na soko la Majengo, saa nne asubuhi, akina mama na matenga ya nyanya kila upande, mtoto mmoja amekaa juu ya gunia la karanga hatua kama kumi kutoka mlangoni. Nikajikuta nahesabu. Lingetokea la kutokea, zile saba zingemwendea nani?

Nilichokigundua mwenyewe ni kwamba karatasi naiona vizuri kabisa, ila kilengeo cha mbele, kile kinundu cha kulengea mwishoni mwa bastola, kama kimefunikwa na ukungu. Na kila nikikaribia kubana triga, mkono unajikaza wenyewe.

Je, shabaha hupotea? Niombe nibadilishiwe nipewe shotigani? Au nikubali kukaa getini kama msimamizi alivyodokeza?

Mahindi_Kibaigwa:

Pole mzee wangu. Shabaha ni kama baiskeli, ukishajua umejua. Ni wasiwasi wa siku ile tu. Rudi renji ukiwa umelala vizuri.

Mstaafu_Ihumwa:

Mahindi, kwa heshima zote, hapo umempotosha. Baiskeli ukianguka unachubuka goti lako. Risasi ikipotea inachubua mtu mwingine.

Afande, nami ni mstaafu, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa nafundisha shabaha, zote mbili, bunduki na bastola. Nikueleze nilivyokuwa nawaeleza askari wangu.

Kwanza, wewe hujapoteza shabaha ya bastola. Hukuwahi kuwa nayo. Ulikuwa na shabaha ya bunduki, na mlango wa kwanza si wa pili. Bunduki inakushika sehemu nne: kitako begani, shavu juu ya kitako, mkono wa mbele, mkono wa triga. Ukilala, ardhi nayo inakusaidia. Bastola inaning'inia mwisho wa mikono miwili tu, na mwili mzima unatikisika nyuma yake.

Pili, chukua karatasi upige hesabu. Kwenye SMG, kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama sentimita 38. Kwenye bastola nyingi ni kama 16. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu, kwa SMG risasi itahama kama sentimita 4 ukiwa mita 15. Kwa bastola itahama sentimita 9 na zaidi. Kikihama milimita tatu, ambazo jicho lako la sasa huenda hata halizioni, umehama sentimita 28. Ulilenga kifua, umepata nyonga. Si ndipo zilipo zile tatu?

Tatu, na hapa ndipo wenye bunduki wengi wanaanguka. SMG ina uzito wa kama kilo nne, triga yake haiwezi kuisukuma kirahisi. Bastola nyingi hazifiki kilo moja, lakini triga inadai nguvu ya kilo mbili na zaidi. Yaani kidole kinavuta kwa nguvu kuliko uzito wa chombo chenyewe. Ukikivuta kwa pupa, bastola yote inakufuata. Kwa anayetumia mkono wa kulia, inakwenda chini kushoto. Karatasi yako inasema hivyo kabla hujafungua mdomo.

Dawa: bastola tupu, magazini imetolewa, chemba (tundu inamokaa risasi) umeiangalia kwa jicho na kuigusa kwa kidole, risasi ziko chumba kingine. Uifanye hiyo kazini mbele ya mwenye dhamana ya silaha, maana bastola ni ya kampuni. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya bastola, karibu na kilengeo cha mbele. Elekeza ukuta salama. Bana triga taratibu mpaka ilie. Sarafu isianguke. Siku ya kwanza itaanguka kila mara na utakasirika. Endelea. Dakika kumi kila siku zinazidi risasi hamsini za mara moja kwa mwezi.

Na huo mkono unaojikaza wenyewe ni kuogopa mlio kabla haujatoka. Mwombe mkufunzi akupakilie magazini yeye, achanganye risasi bandia bila wewe kujua ziko wapi. Ukibana ikawa bandia, utaona mwenyewe jinsi mdomo wa bastola unavyozama. Mimi niliona wangu nikanyamaza siku nzima.

Zabibu_Hombolo:

Mzee njoo huku shambani kwetu, kuna mibuyu mikubwa, unapiga hata siku nzima hakuna wa kukuuliza.

Mstaafu_Ihumwa:

Hapana, Zabibu. Silaha ya kampuni haitoki kwenda kupigia mibuyu, na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haichezi na mtu anayefyatua ovyo. Mstaafu akikamatwa kwa hilo anaharibu jina lake na la wenzake. Renji iliyoruhusiwa, basi.

MpimaMacho_Makole:

Shikamoo afande. Mimi kazi yangu ni miwani, silaha sizijui, lakini sentensi yako moja imenishtua: karatasi unaiona, kilengeo kina ukungu. Hiyo ni hali ya kawaida ya umri. Kuanzia miaka 40 na kitu, lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu, haikazi tena picha ya vitu vya karibu. Mbali unaona, karibu unasukuma gazeti.

Una miwani ya kusomea? Kama ni ya nguvu 2.50, ujue hiyo inakaza picha kwenye sentimita 40, umbali wa gazeti. Bastola mikono ikiwa imenyooka, kilengeo cha mbele kiko sentimita 65 hadi 70 kutoka jichoni. Kwa hiyo miwani hiyo haitakusaidia. Na ile ya sehemu mbili ni mbaya zaidi, utainua kidevu kutafuta sehemu ya chini na shingo itaharibu mkao wote.

Fanya hivi: simama mkao wako wa kulenga, mtu akupimie kwa futi kamba toka jichoni hadi kilengeo cha mbele. Nenda na namba hiyo kliniki ya macho, mwambie mpimaji "nataka lenzi ya umbali huu". Atakuelewa. Waangalie pia kama huna mtoto wa jicho, na presha ya macho, hiyo inaiba uwezo wa kuona pembeni bila kukuuma hata kidogo. Kwa jua na vumbi la Dodoma, na vinyama vya jicho viangaliwe.

Kongwa_Asilia:

Naongezea kwa mpima macho. Kama umekulia huku kwetu Kongwa au Chamwino, uliza na vikope. Mama yangu mdogo kope zilimgeukia ndani zikawa zinakwaruza jicho miaka, yeye anasema ni vumbi. Watafiti wa vikope wamekuja Kongwa tangu tukiwa watoto, si kwa bahati mbaya.

Mujibu_wa_Sheria:

Mimi nilipita JKT Makutupora baada ya kidato cha sita. Renji tulikwenda mara moja, nikapata, nikajiona komando. Uzi huu umenifundisha zaidi ya siku ile. Asante sana afande kwa kusema ukweli wako hadharani.

Mkongwe_wa_Kagera:

Kijana wangu Sajini, mimi nilikuwa Kagera mwaka 1979. Wengi wetu vita ile tuliimaliza bila kugusa bastola, ilikuwa ya maofisa. Kwa hiyo usijilaumu kwa usichofundishwa.

Ila nikwambie kuhusu shotigani unayoitamani. Ile inatoa punje nyingi, na kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo zinavyotawanyika. Kwa mtu aliyeingia geti la shamba usiku, sawa. Hapo Majengo, na yule mtoto juu ya gunia, nani anakuhakikishia punje ya pembeni inakwenda wapi? Usibadilishe silaha ili kuficha udhaifu. Waambie wakubwa wako ukweli, kwa mdomo wako, kabla ya safari nyingine ya fedha. Jeshini askari mwenye silaha mbovu anatoa taarifa. Safari hii kilicho kibovu kwa muda ni wewe. Toa taarifa.

Mke_wa_Afande:

Shemeji, na masikio je? Mume wangu alipiga risasi miaka mingi bila vizibo, sasa masikio yanavuma usiku kucha, na kila mlio unamshtua kuliko zamani. Mwambie mkufunzi akupe vizibo vya masikio vya kweli, si pamba. Na kama unatumia dawa zozote, mwulize daktari kama zinatetemesha mikono.

Mwanamichezo_AreaD:

Mkuu, miaka 58 si mwisho. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki alipata medali ya fedha ya bastola ya upepo mita 10, timu ya mchanganyiko, akiwa na miaka 51. Aliwahi kuwa askari wa jandarma, polisi wenye mfumo wa kijeshi. Alivaa miwani ya kawaida na kulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Na kuna Károly Takács, sajini wa jeshi la Hungaria. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimharibu mkono wa kulia, ule wa kulengea. Akajifunza upya kwa wa kushoto, akatwaa dhahabu London 1948 na Helsinki 1952.

Mstaafu_Ihumwa:

Mfano mzuri, ila hao kazi yao ilikuwa mazoezi ya kila siku. Afande, hilo la macho mawili wazi lijaribu, lakini kwanza jua jicho lako lenye nguvu ni lipi. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitasa cha mlango, fumba jicho moja moja. Jicho lililo wazi wakati kitasa kinabaki tunduni ndilo.

SajiniMstaafu_Nkuhungu:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa ukimya.

Nilimfuata msimamizi kesho yake asubuhi na ile karatasi iliyokunjwa. Nilimwambia: nitoe kwenye gari la fedha mpaka nitakapofaulu. Nilidhani atanifukuza. Alinyamaza kidogo, akaniweka geti la ghala, bila silaha, mshahara ule ule. Baba yangu wa Kagera, shikamoo, nilitamani uwepo.

Kliniki walikuta mtoto wa jicho anaanza jicho la kushoto, bado mdogo. La kulia ni zima, na kumbe ndilo lenye nguvu. Umbali wangu ni sentimita 68. Nimetengenezewa lenzi, na siku niliyoivaa mara ya kwanza nikanyoosha bastola tupu, niliona kingo za kilengeo kama zimechongwa na wembe. Nilikaa chini kidogo.

Sarafu inanitesa. Wiki ya kwanza ilianguka kila mara. Jana, mara kumi, ilianguka mbili. Renji nimekwenda mara moja: mita 7, zote kumi ndani. Mita 15, saba, na zimeanza kupanda kuelekea kifuani. Mkufunzi alichanganya risasi bandia mbili, na zote mbili mdomo ulizama. Kwa hiyo bado.

Kupimwa tena ni mwisho wa mwezi ujao. Mpaka hapo niko getini.