Wakuu, Benz W123 ya mzee imegoma kwenda mbele, rivasi inakubali. Nitajuaje gia boksi sahihi ya kubadilisha?

MwanaTegeta: Habari za jioni wana jamvi. Nina Mercedes 300D ya 1978 (ndiyo hiyo W123), ya dizeli, otomatiki, ni ya mzee wangu. Wiki iliyopita ilianza kuchelewa kushika gia: unaweka D, injini inanguruma, gari imetulia, halafu inashtuka kama imepigwa teke. Tangu jana haiendi mbele kabisa. Fundi anasema gia boksi ni 722.3 na imekufa, tubadilishe. Mzee yuko Songea, anarudi Jumapili. Nisaidieni, sina usingizi.

Kipepe: Mkuu, weka manyuo upumzike. Otomatiki ya zamani ni ndoa ya mke mgonjwa.

MamaSpea: Pole mdogo wangu. Usinunue chochote kabla hujasoma namba. Imegongwa kwenye ganda la alumini, ubavuni, juu kidogo ya pale sampo (bakuli la oili la chini) inapofungwa. Ukiona 722 na nukta, namba inayofuata ndiyo ukoo wa boksi, na mbili za mwisho zinaonyesha ilitengenezwa kwa injini gani. Na oili ina rangi gani?

MwanaTegeta: Asante dada. Oili ipo, haijapungua.

MzeeWa504: Mimi nilikuwa na Peugeot 504 otomatiki, boksi ya ZF, gia tatu. Nimepanda nayo Kitonga na familia nzima na gunia mbili za mahindi. Siku ilipoanza kuteleza nikaambiwa nibadilishe boksi, kumbe kichujio kimeziba. Vijana wa leo mnakimbilia kufungua.

MamaSpea: Sikuuliza kama ipo, nimeuliza rangi. Chomoa kijiti cha kupimia, pangusa kwenye tishu nyeupe, utuambie unaona nini.

MwanaTegeta: Imekuwa kama maziwa yaliyotiwa rozi. Ina povu kidogo.

FundiWaChini: Hapo sasa! Hicho ndicho ulichotakiwa kuandika mstari wa kwanza. Rejeta ya W123 otomatiki ina kipoozeo cha oili ya gia boksi ndani yake, paipu mbili zinaingia pale. Kikitoboka, maji na oili vinakutana. Maji yanalegeza gundi ya karatasi za klachi, zinabanduka, gari inaanza kuteleza. Umekuwa ukiongeza maji kwenye rejeta?

MwanaTegeta: Kama miezi miwili hivi. Lita moja kila siku ya tatu. Nilidhani ni uzee wa gari. Na ukweli ni kwamba ilishaanza kuteleza kabla sijaipeleka Morogoro kwenye harusi ya binamu. Ningeiachaje Dar wakati ndiyo gari ya maharusi?

Kipepe: Mzee anajua?

MwanaTegeta: Hajui. Ila nimeshajipanga. Nimetoa laki sita za awali Ilala, boksi imetoka kwenye 190E ya petroli. Muuzaji kanihakikishia za Benz zote zinaingiliana. Bei hiyo sitaipata tena.

AlhajBuruda: Mwanangu, mali ya mzazi ni amana. Kabla ya spea, piga simu Songea.

MamaSpea: Usiifunge hiyo. Ya 190E ni ukoo wa 722.4, wa injini ndogo. Gavana yake, kile kinachoamua gia ibadilike kwa mwendo gani, imepangwa kwa injini ya petroli inayozunguka kasi kuliko dizeli yako, kwa hiyo gia zitachelewa kubadilika. Vakyumu (mvuto wa hewa unaoiambia boksi injini imekanyagwa kiasi gani) ya petroli inatoka kwenye manifoldi, njia ya hewa ya kuingia injini, yako inatoka kwenye pampu ya vakyumu na kupimwa na vali iliyo kwenye pampu ya dizeli. Nimeona watu wakilia kwa hilo.

NyundoNzito: Ngojeni kwanza. 1978 hakukuwa na 722.3. W123 ya mwaka huo ilitoka kiwandani na 722.1. Halafu mzee Songea, harusi Morogoro, maziwa ya rozi. Wakuu, hii chai. Jamaa ametunga.

Kipepe: Picha au tumwagie maji, maana yapo mengi kwenye boksi.

MzeeWa504: Hata mimi nilishangaa harusi.

MwanaTegeta: Jamani, naapa. Hiyo 722.3 aliitaja fundi, mimi sikuisoma. Nipeni saa moja.

AlhajBuruda: Mwacheni kijana. Ana hofu ya baba yake, hofu haitungwi.

MwanaTegeta: Nimerudi. Nimelala chini ya gari na tochi ya simu, nimesugua kwa mswaki na petroli. Tope la miaka yote hiyo limeningia machoni. Inasomeka vizuri: 722.1. Fundi hakuwahi hata kuinama.

NyundoNzito: Basi samahani mkuu, nafuta kauli. Tafuta 722.1 iliyotoka kwenye 300D yenyewe, upewe na toko konveta yake, ile inayounganisha injini na boksi kwa oili. Ulinganishe mbili za mwisho pia.

FundiWaChini: Rejeta kwanza. Ifungue, ziba paipu moja ya kipoozeo, nyingine puliza hewa kidogo ya kompresa, iwe ndani ya beseni la maji.

MwanaTegeta: Nimefanya kwa jirani mwenye kompresa. Mapovu yametoka mdomo wa juu wa rejeta, madogo madogo, mfululizo kama ya samaki. Na yale maji yana mafuta mekundu juu.

MamaSpea: Umeona sasa. Rejeta mpya, paipu zisafishwe hadi zitoe oili safi, ndipo boksi. Ukishafunga, oili ipimwe ikiwa moto, injini ikiunguruma, gia kwenye P. Laki sita zako ulipewa risiti?

MwanaTegeta: Ninayo, imeandikwa "gia boksi ya Benz" tu. Kesho saa tatu naenda Ilala kuomba nibadilishiwe. Mzee amepiga simu sasa hivi, anauliza kama gari nimeiosha.